Programu ya Wanafunzi Bora au Uhandisi Moja kwa Moja?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Vyuo viwili vya Marekani vimenikubali. Kimoja kimenipa nafasi ya kusoma kemia katika programu ya wanafunzi bora, ila nakusudia kuhamia uhandisi. Cha pili kimenipokea katika uhandisi wenyewe. Nichague kipi? – Msomaji, Shela, Lamu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Programu hizo zina manufaa ya kweli, kama vile madarasa madogo na, mara nyingi, kujiandikisha kwa masomo kabla ya wenzako. Hata hivyo, kuwamo humo hakukuhakikishii nafasi ya uhandisi, kwa kuwa vyuo vingi huwapima wanaotaka kuhamia kwa alama zao za hesabu na fizikia za mwaka wa kwanza, na penye nafasi chache hata wenye alama nzuri hukosa.

Kabla ya kulipa ada ya kuthibitisha nafasi, kiandikie chuo hicho cha kwanza uulize wastani unaotakiwa, na kama mwanafunzi wa kemia huruhusiwa kusoma kalkulasi na fizikia za wahandisi tangu muhula wa kwanza, kwani masomo hayo hufuatana na ukichelewa kuyaanza unaweza kuongeza mwaka mzima wa karo, mzigo mzito kwa wazazi wako. Uliza pia kama ufadhili utaendelea ukibadili shahada.

Mimi ningechagua chuo cha pili, mradi shahada yake ya uhandisi imeidhinishwa na ABET, shirika la Marekani linalokagua ubora wa shahada za uhandisi.