Anza na Palipochakaa: Kwa Vijana Wanaojifunza Kusoma Majengo na Jamii Yake

Wanafunzi wa usanifu majengo wanaokuja Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo huniuliza waanzie wapi kupima. Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: kabla hujafungua futi, tafuta palipochakaa. Kizingiti kilicholika katikati, ukuta uliong'aa kwa migongo ya wanaouegemea, kijia kilichokatiza uwanja ilhali vitofali vya kupitia vilitandikwa upande mwingine. Hayo ndiyo maandishi ya jamii yenyewe juu ya jengo lake. Ramani inakueleza aliyelipa alikusudia nini, uchakavu unakueleza watu walifanya nini baadaye, na kazi yako ni kueleza kwa nini mambo hayo mawili yamepatana au yameachana.

Nenda vijijini ukaitazame tembe ya Wagogo maadamu bado zipo zilizobaki. Utaambiwa ni nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, na ni kweli, ila maelezo hayo hayatoshi. Paa la udongo juu ya magogo linawezekana kwa sababu mvua ya hapa ni takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na unene wa udongo huo hupunguza jua la mchana ndani ya nyumba na kutunza joto usiku wa kipupwe. Hapo umesoma hali ya hewa tu. Ili usome jamii, simama katikati ya ua. Vyumba vinauzunguka, milango inatazama ndani, na ng'ombe hulala humo humo, mbele ya macho ya kila mlango. Kaya ilipoongezeka kwa ndoa, vyumba viliongezwa, hivyo mtu aliyeijua familia aliweza kufuatilia ukuaji wake kwa kuzifuata kuta. Hakuna mgeni aliyefika chumbani kwa mtu bila kupita mbele ya wote. Ua huo ulitokana na undugu na mifugo, lakini pia uliwalea watu: mtoto alijifunza nani ni nani kwa mlango anaotokea, na ugomvi wa nyumba moja haukuweza kubaki siri ya nyumba moja.

Kisha linganisha na vijiji vilivyopangwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na miaka iliyofuata, kuhamia vijijini kulipofanywa kuwa lazima. Nyumba zilisimamishwa kwa mistari, kila mlango ukitazama barabara. Nia ilikuwa kuwafikishia watu shule, maji na zahanati, na wengi walivipata, lakini mlango uliogeuzwa kutoka uani kwenda barabarani uligeuza pia mahali pa kukaa, pa kupokea wageni na pa kulaza mifugo. Ukizungumza na wazee kuhusu kipindi hicho, usiwaulize kama nyumba mpya ilikuwa bora. Waulize ng'ombe walilala wapi usiku wa kwanza. Majibu ya swali hilo yamenifundisha mengi kuliko dodoso lolote.

Mjini mambo ni magumu zaidi, na hapo ndipo wanaoanza huteleza. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mpango mkuu wa 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa jumuiya zenye vituo vyao, zilizounganishwa na usafiri wa umma, usio na majengo ya kutisha raia. Baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mitaa mipya imejaa kuta ndefu na mageti ya chuma. Mwanafunzi huona ukuta, kisha huandika kwamba ukuta umeua ujirani. Polepole! Jiulize kipi kilitangulia. Watu waliojenga humo wametoka mikoa mbalimbali, wengi hawana ndugu mtaani, wanaondoka alfajiri kwenda kazini na wanaogopa wizi. Ukuta uliwakuta hawajuani. Ila ukishasimama, unawazuia wasijuane. Balozi wa nyumba kumi anayegonga geti na kujibiwa na mlinzi kila mara, mwaka wa tatu bado hamjui mwenye nyumba kwa sura. Andika pande zote mbili, na useme wazi ushahidi wako unakomea wapi. Nenda pia mtaa wa zamani wenye nyumba za baraza, saa kumi na moja jioni, uhesabu watu waliokaa nje. Kisha uhesabu kwenye mtaa wa mageti saa hiyo hiyo, siku ya kazi na siku ya mapumziko.

Majengo makubwa ya umma nayataja kwa ufupi, kwa sababu yanajieleza yenyewe kwa sauti kubwa na humvuta kila mgeni. Yasome, lakini usiyape nusu ya ripoti yako.

Kwamba jengo lianzie kwa watu watakaolitumia, jambo hilo nililijua darasani, nikalikosea kazini. Tulichora zahanati ya kijiji, nikaweka benchi za kusubiria pande mbili za korido nyembamba, zinazotazamana, nikaridhika kwamba nimewapa watu kivuli. Ilipofunguliwa, benchi zilibaki tupu na wagonjwa wakakaa chini ya mkwaju, juani nusu. Mama mmoja mtu mzima alinieleza bila kunilaumu: "Mwanangu, pale nitakaa magoti yangu na ya mkwe wangu yagusane?" Heshima ya wakwe ilihitaji upana ambao sikuupima. Wala sikuwaza mahali pa kupikia pa ndugu wanaomsindikiza mgonjwa, nao walikwisha kuweka mafiga yao nyuma ya choo. Moshi ule uliingia chumba cha wazazi.

Kwa hiyo fika kwa ofisi ya serikali ya mtaa kwanza, jitambulishe, kisha piga hodi nyumba kwa nyumba. Ukifika kwa mzee wa Kigogo, anza na "Mbukwa" na usubiri uitikiwe kabla hujatoa daftari. Chora ramani ya nyumba kama ilivyo, halafu juu yake weka alama ya kila kigoda, mkeka, jiko la mkaa na kamba ya nguo, pamoja na saa uliyoviona. Rudi masika, kwa maana matope huhamisha watu.

Miaka michache iliyopita nilimchorea mteja nyumba yenye ukuta. Mama yake akauliza karanga atamenyea wapi huku akiona wapita njia. Tukausogeza ukuta ndani mita moja na nusu, tukajenga baraza la saruji upande wa nje, karibu na geti. Nilipopita mwaka huu majirani wanne walikuwa wameketi naye, na ukingo wa baraza, palipoachwa na fundi pakiwa panakwaruza, ulikuwa umeshalainika.