Wasomaji Wanauliza: Disemba Tromsø

SWALI: Assalaamu alaykum. Binti yetu anasoma chuo kikuu huko Tromsø, kaskazini ya Norwei. Mimi na mume wangu tunataka kwenda kumtazama kwa wiki mbili, mwanzo wa Disemba. Hatujapata kutoka nje ya Afrika Mashariki, na kila tunayemwambia anatutisha kwa baridi ya digrii 30 chini ya sifuri. Nguo tununue zipi, hapa au huko huko? Na viza tuianze lini?
— Mama wa Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Waalaykumu salaam, bibi. Hizo digrii 30 ni za bara, sehemu kama Karasjok na Kautokeino. Mji wa Tromsø umekaa juu ya kisiwa, kama kwenu, na mkondo vuguvugu wa Atlantiki hauiachi bahari yake igande. Mwanzo wa Disemba kipimajoto huchezacheza baina ya sifuri na digrii 6 au 7 chini yake. Tabu inaanzia hapo hapo, maana baridi yenyewe haijatosha. Theluji inaanguka, inayeyuka kidogo, mvua inapita juu yake, usiku yote inaganda, na asubuhi njia nzima imekuwa kioo. Kwa hiyo kabla ya koti, fikirieni miguu.

Kuna njumu za kuvalishia viatu, Wanorwei huziita brodder: mpira unaovutwa juu ya kiatu, una meno ya chuma chini. Mwambieni binti aje nazo uwanja wa ndege, msingoje kesho yake. Anza kuvalisha kidoleni, vuta hadi kisiginoni. Mpira ukilegea huzunguka ubavuni na meno hayagusi barafu, basi mpeni namba za viatu vyenu mapema. Mkiingia dukani zivueni, kwani juu ya vigae meno hayo yanateleza kuliko soli. Mwendo ni ule ule wa kupita juu ya mwamba wenye ukoga maji yakitoka: hatua fupi, wayo wote chini, mikono nje ya mifuko.

Nguo sasa. Kinachomshinda mtu wa pwani kule ni jasho lake mwenyewe. Anajifunga nguo sita, anapanda kilima, anarowa ndani, kisha anasimama kituo cha basi dakika kumi na unyevu unamgandia mgongoni. Pamba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hunywa jasho na haikauki. Fulana za pamba, kanga na vikoi viwe vya ndani ya nyumba tu. Inayogusa mwili iwe sufu, ya kondoo wa merino, iliyo laini, ukiipata: kila mtu juu mbili na chini mbili. Hazifuliwi kila siku, zinaanikwa hewani usiku na harufu inatoka. Juu yake sweta la flisi (kitambaa chepesi chenye manyoya manyoya), na juu kabisa koti refu lisilopitisha upepo wala maji. Upepo msiudharau. Digrii 5 chini ya sifuri, upepo ukienda kilomita 36 kwa saa, ngozi huihisi kama digrii 14 chini.

Koti na flisi vinapatikana kwenye mitumba ya Darajani kwa bei nafuu sana kuliko Norwei. Koti la manyoya ya ndege liminye: ukikuta mabonge na sehemu tupu, liache. Zipu ivute mara tatu. Mwagia maji kijiko kimoja begani. Yakisimama matone, zuri, yakinywewa, hilo ni la siku kavu tu. Sufu, soksi nne kila mmoja, na viatu, afadhali mnunue kule. Viatu vizidi namba moja. Wengi huvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana, vidole vinakufa ganzi, kwa sababu damu haipiti na hewa inayotunza joto haina pa kukaa. Glavu bora ni zile ambazo vidole vinne vinalala pamoja.

Wewe bibi, buibui lako lipandishe hadi kwenye kifundo, la sivyo pindo litazoa theluji na kurowa. Suruali ya sufu ndani, koti juu. Ushungi wa pamba hurowa kwa pumzi mbele ya mdomo, kisha ukakauka kama ubao. Tafuta wa flisi au sufu.

Mafuta ya nazi yataganda. Huanza kuganda chini ya digrii 24, kwa hiyo yatieni kwenye kikopo cha mdomo mpana muweze kuyachota. Mtayahitaji, kwani hewa ya ndani ni kavu mno na midomo hupasuka.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Norwei ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila unaweza kufika 45, basi pelekeni Septemba. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko, na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Tieni barua ya mwaliko ya binti pamoja na nakala ya kibali chake cha kuishi. Kosa la kila siku ni kuazima fedha na kuzitia benki wiki moja kabla. Anayesoma taarifa ya akaunti anaona mara moja.

SWALI: Nimesikia huko jua halichomozi kabisa. Tunasali vipi, kibla kiko wapi, na kwenye udhu naweza kupaka maji juu ya viatu badala ya kuosha miguu?
— Mzee wa Wete, Pemba

JIBU: Kweli, Mzee wetu. Tromsø jua halionekani kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Si giza tupu: kuanzia takriban saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana kuna mwanga wa buluu. Wanavyuoni wamesema wakati ukadiriwe, ama kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana, ama kwa saa za Makka. Tromsø kuna msikiti. Fuata ratiba yake. Saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Kibla tulichozoea kukielekea kaskazini, kule ni kusini, kimeinama kidogo mashariki.

Kuhusu kupaka maji juu ya viatu badala ya kuosha miguu: Wanorwei nao huvua viatu mlangoni, na ukishavivua hukumu hiyo imekatika. Wanaoizoea baridi huvaa soksi za ngozi zinazofunika vifundo, wakiwa na udhu, na hubaki nazo ndani. Kwa Shafi, anayenuia kukaa wiki mbili ni mkaazi, muda wake siku moja na usiku wake. Mengine muulize shekhe wako.

SWALI: Nitapiga picha za mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayochezacheza angani usiku. Kamera itahimili?
— Mpiga picha, Chake Chake

JIBU: Kamera itahimili, betri ndiyo itakayokuangusha, kwa baridi. Chukua tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Tumia stendi, fungua lenzi hadi mwisho, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, picha moja sekunde 5 hadi 15, na zima fokasi ya kamera yenyewe, uirekebishe kwa mkono hadi nyota ionekane wazi. Mawingu ndiyo adui, basi tenga usiku minne au zaidi.

Unajua lenzi inavyofunga ukungu ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje Chake. Huko ni kinyume, inafunga ukiingia ndani, na maji yanafika hadi kwenye saketi. Ukiwa bado nje, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki, uufunge kwa nguvu, kisha ingia nayo ndani ya nyumba, uiache saa mbili bila kuufungua mfuko. Kadi ya kumbukumbu itoe kabla hujafunga, kama unataka kuziona picha usiku huo huo.