Jibu kwa ndugu wa Katuba: usiache pombe na walewale unaokunywa nao

Hapana. Nimesoma ujumbe wako mpaka pale unaposema ninyi marafiki wanne mtaunda kikundi cha kuacha pombe, mtatia sahihi ahadi, na atakayekunywa atalipa faini ya franka elfu tano. Nikaishia hapo. Mdogo wangu, kikundi hicho nilishakiunda, hapahapa Lubumbashi, komini ya Kenya, tena mimi ndiye nilikuwa katibu. Mwandiko mzuri, kichwa kibovu.

Wazo tulilitoa kwa mkubwa mmoja wa kwaya aliyejiita mshauri wa familia. Alisema: "Anayekujua ni yule mnayekunywa naye, huyo huwezi kumdanganya." Tukaona mzee huyo ana hekima. Akatuuzia na daftari la ahadi, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kwa bei ya Biblia. Na yeye maishani mwake hajaonja hata bia moja ya Simba! Alijua nini huyo kuhusu saa kumi na moja ya jioni, mate yanapojaa mdomoni na miguu inajua yenyewe njia ya nganda, baa yetu ya mtaani? Nikimwona sokoni navuka barabara. Si hasira, naogopa ataniuliza kama daftari limejaa.

Faini ndiyo ilituua. Mwanzoni tuliiogopa. Halafu mmoja akaja nayo mkononi kabla hajanywa, akalipa, akaaga, akaenda zake kunywa kwa amani kama mtu aliyekata tiketi. Kesho yake tukamfuata. Nani angemkemea nani? Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya kuficha, kwa hiyo kila uongo ulipokelewa vizuri. Tulikuwa magari manne yasiyo na breki yaliyofungwa kamba moja.

Kisha ukaja kilio, mjomba wa mwenzetu. Sanduku la faini tukalipeleka kusaidia familia, na familia, kwa kuwa wageni ni wengi, ikanunua kazie, yaani makreti, za bia na lutuku, pombe kali ya kienyeji, ya wazee. Makuta, pesa zile za kuacha pombe, unaelewa? Sisi walinzi wanne tukakaa karibu na kazie "ili zisiibiwe". Alfajiri nilikuwa na zamu kwa kampuni inayofanyia mgodi kazi. Pale mlangoni kila mtu anapuliza alkotesti, kifaa cha kupima pombe. Mwenzangu wa kikundi akaniambia kunywa maziwa, tafuna kitunguu saumu, haitaonekana. Nikamwamini, maana niliutaka huo uongo. Kile kifaa kinapima hewa ya mapafu, na mapafu yanapata pombe kutoka damuni. Kitunguu saumu kinamtesa mlinzi tu. "Papa, puliza tena." Nikapuliza tena. Beji ikabaki mlangoni, na kazi nayo. Ada ya watoto mwaka ule alilipa shemeji yangu, na mpaka leo kwenye kila sherehe anatafuta namna ya kulitaja.

Kwa hiyo shika hili moja: mtegemee mtu aliyekunywa kama wewe, NA ameshaacha kabla yako. Asiyewahi kunywa hatoshi. Anayeanza pamoja nawe hatoshi. Hata Alcooliques Anonymes, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, walianza hivyo: mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson alikuwa ameshakaa miezi bila pombe. Biashara ikamharibikia, baa ya hoteli ikamwita, akapiga simu huku na huku kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith. Aliyetangulia akamvuta wa nyuma, na yeye mwenyewe akaiponyoka ile baa. Tena kwao hakuna ada wala faini, sharti la kuingia ni kutaka kuacha tu. Wana mikutano ya Kifaransa kwenye intaneti, bando ndogo inatosha.

Wangu mimi alikuwa mzee mmoja, fundi wa zamani wa reli, mkavu, bila tone la pombe, miaka mingi, hata munkoyo uliolala, kinywaji chetu cha nyumbani kilichochacha, hagusi. Hakunipa daftari. Alisema nimpigie kabla ya chupa ya kwanza, nikipiga baada yake ananisalimia tu na kukata. Alikata kweli, mzee yule!

Na kama asubuhi mikono inakutetemeka mpaka unywe, usiache ghafla nyumbani. Degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za kwanza, na linaua. Muone munganga, daktari, kwanza, kuna dawa za siku hizo pamoja na vitamini B1. Kituo cha Joseph Guislain, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Lubumbashi, si cha vichaa peke yao, acha haya. Ukiwa huko uliza pia kama kuna waliopona wanaokubali kuongea na wapya.

Sasa nijibu hapahapa, mbele ya watu: kati yenu wanne, nani ameshamaliza mwezi mmoja mkavu?