Jibu: Wageni ni wale wale ila pesa ya matangazo imeshuka, yaliyonipata mimi huku Lamu

Ndugu yangu wa Malindi, nimeisoma mara mbili hiyo uliyoandika. Unasema saiti yako ya nyumba za kupanga na safari za Watamu na Gede wageni hawajapungua, ila tarehe 28 Desemba ulitoa mabango matatu uliyokuwa umeyapanga kwa mkono ukawasha matangazo yanayojipanga yenyewe, kufika katikati ya Januari pesa imeshuka karibu nusu, na sasa wauliza urudishe yale ya zamani ama uongeze mabango. Kwa sasa usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Mimi nilikimbilia kuongeza na iliniumiza.

Saiti yangu ni ya maji na boti. Maji yajaa saa ngapi, yapwa saa ngapi, bamvua (yale maji makubwa) ni lini, boti za Faza na Kizingitini zatoka wakati gani manake zapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji, maji yakiwa yamejaa, na Maulidi yakikaribia naweka habari zake. Zamani wasomaji wangu wengi walikuwa wa kompyuta, wageni wanaopanga safari wakiwa bado kwao Ulaya, nikawa na bango refu la pikseli (vidoti vya skrini) 728 kwa 90 juu kabisa na chini ya menyu vile vibango vidogo vya maandishi ambavyo mtu akiviona adhani ni viungo vya saiti. Hivyo vya maandishi ndivyo vilivyokuwa vyalipa hostingi na bando na chenji yabaki. Siku moja mtandao wa matangazo niliokuwa nao ukaviondoa, kwisha. Mapato yakakatika, nami kwa haraka nikaziba pengo kwa mabango makubwa, moja juu ya jedwali la maji, moja katikati, mawili chini.

Wiki ya kwanza pesa ikapanda. Hapo ndipo wengi wetu twadanganyika, twaona klik zimeongezeka twasema tumepata. Mwisho wa mwezi nikakatwa sehemu kubwa, klik zimehesabiwa batili, na mwezi wa pili wasomaji wa simu wakaanza kupungua.

Sababu nilikuja kuiona kwa macho yangu gatini. Ami yangu ni nahodha, alikuwa amekaa ukingoni mwa boti simu mkononi ataka kujua maji ya kesho. Jedwali likatokea, akapeleka kidole kwenye tarehe, na papo hapo bango la juu ndio lamaliza kupakia, likalisukuma jedwali lote chini na kidole kikaangukia tangazo la viwanja vya kuuza Nairobi. Akarudi nyuma, akajaribu tena, ikawa vile vile. Akanipa ile simu akaniambia, "Mwanangu, hii yako yanikimbia." Hakusema kwa ukali, lakini ilinikaa rohoni, manake yeye saa ya maji akiikosa abiria wake watakwama Mkandani na watoto juani hadi maji yarudi, na mimi nilikuwa nalipwa kwa kidole chake kuteleza.

Usiku ule ule nilianza kurekebisha. Bango la kwanza nikalihamisha chini ya jedwali, mtu apate alichokijia kwanza. Kila nafasi ya bango nikaipa urefu wake mapema, pikseli 280, ili ukurasa ukifunguka pengo liwe tayari lipo na tangazo likija lijikalie bila kusukuma kitu. Hiyo ya ukurasa kurukaruka Google wana kipimo chake kabisa, yaitwa CLS, ikiwa 0.1 kushuka chini ndio nzuri, na yangu ilikuwa mbali sana na hapo.

Kisha kuna hili la upana na hapa nakuomba usome polepole manake ni pesa iliyolala. Simu nyingi za watu wetu skrini yake ni pikseli 360 kwa upana. Muundo wa saiti yangu ulikuwa umeacha nafasi ya 16 kila upande, yani yabaki 328. Bango la 336 kwa 280 haliingii hapo, limekosa pikseli nane tu! Kwa hivyo wenye matangazo ya saizi hiyo hawakuwa hata wanaingia kwenye mnada wa ukurasa wangu, pale wenye kutangaza wanaposhindania nafasi kwa bei, nimebaki na wa 300 kwa 250 na vile vyembamba vya 320 kwa 50. Nikapunguza nafasi ya pembeni ikawa 12, ikatoka 336 kamili, washindani wakaongezeka kwa nafasi ile ile moja. Sikuongeza bango lolote.

Sasa mbona nasema kuongeza ni hatari hata ukipanga vizuri? Kwanza kuna viwango vya Coalition for Better Ads, umoja wa makampuni ya matangazo na mtandao, vya mwaka 2017, matangazo kwenye simu yakizidi asilimia 30 ya urefu wa maudhui ya ukurasa umevuka mstari, na Chrome, kile kivinjari cha Google, ikaanza kuzuia matangazo kwenye saiti zinazovunja viwango hivyo Februari 2018 kule Marekani Kaskazini na Ulaya, kisha dunia nzima Julai 2019. Pili, siku hizi klik sio mfalme tena. AdSense, mtandao wa matangazo wa Google, mwanzo wa 2024 ilihamia kulipa kwa tangazo kuonyeshwa badala ya kubofywa, na wenye kutangaza wanaangalia kama limeonekana kweli, kipimo cha kawaida ni nusu ya bango iwe kwenye skrini kwa sekunde moja mfululizo. Mabango manne yaliyorundikwa chini ambako mtu hafiki yashusha wastani wako, halafu hata lile moja zuri lanunuliwa rahisi.

Turudi kwako. Ulibadilisha tarehe 28 Desemba. Bwana, huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kupima kitu, Desemba makampuni yanamaliza bajeti zao za mwaka na bei ya matangazo iko juu, Januari inaanguka kwa kila mtu. Kwa hivyo usilinganishe Januari na Desemba, linganisha na Januari ya mwaka jana. Na usitazame jumla, tazama mapato kwa kila kurasa elfu, yani ukipata dola 20 kwa kurasa 10,000 hiyo ni dola 2 kwa elfu, halafu uitenge simu kando na kompyuta kando, na nchi kando pia. Wewe Malindi una Waitaliano wengi na msomaji wa Italia bei yake si ya msomaji wa hapa, wao wakipungua kidogo na wa hapa wakiongezeka hesabu ya wageni yabaki ile ile na pesa yashuka, hapo fomati haina kosa lolote. Pia angalia kama wale wa Ulaya wanaonyeshwa ule ujumbe wa kuomba ridhaa, manake tangu 16 Januari 2024 Google wanataka utumie mfumo wa ridhaa waliouidhinisha kwa wasomaji wa Ulaya na Uingereza, bila huo matangazo yanayowalenga hayaji, yaja yale ya bei ya chini.

Ukishatenga hivyo ndio uguse mabango, na uguse kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hayo yanayojipanga yenyewe usiyazime yote, punguza wingi wake, zima lile linaloziba skrini nzima mtu akitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, hilo kwa mtu anayetafuta nyumba na kurudi nyuma mara kumi lafukuza watu, acha moja linaloganda chini ya skrini, na lile lako la zamani la chini ya picha za nyumba lirudishe kwa mkono. Kama mtandao wako una sehemu ya majaribio inayogawa wasomaji nusu kwa nusu itumie, iache wiki nne, usiichungulie kila asubuhi ukabadilisha mawazo.

Mimi ilinichukua kama miezi minne, haikurudi yote ya siku za vile vibango vya maandishi, lakini makato ya klik batili yaliisha na wasomaji wa simu walirudi, ami yangu akiwemo.

Ukipata nafasi tupia hapa picha ya ukurasa wako mmoja wa nyumba ukiwa umefunguliwa kwenye simu, na mapato kwa kurasa elfu ya Januari hizi mbili, simu na kompyuta kando kando. Nikitoka swala ya isha nitakaa nayo tuitazame pamoja.