Kabla ya kuuliza SPSS: dogo, mbio zinakimbiwa lini?

Dogo, nimeusoma uzi wako mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Uko mwaka wa tatu, shahada ya usimamizi wa matukio, unauliza vitu vitatu: kichwa cha utafiti kikaeje, madodoso yawe mangapi, na uchambue kwa SPSS, ile programu ya takwimu, au Excel. Halafu chini kabisa, kama mtu anayeaga huku ameshika kitasa, unasema utafiti ni kuridhika kwa washiriki wa Kilimanjaro Marathon na andiko lako la kuombea kibali cha utafiti linaingia kwenye kamati ya chuo katikati ya Machi.

Machi! Mbio zile hukimbiwa mwishoni mwa Februari, zikisogea sana ni mwanzoni mwa Machi. Zimeanza 2003 na sijasikia zikisubiri kamati ya chuo. Wewe ukigongewa muhuri, uwanja wa Ushirika pale Moshi utakuta watoto wanacheza chandimu. Utamhoji nani? Golikipa?

Na usinijibu "nitawapigia simu". Hapo hapo ndipo nilipozikwa mimi, ngoja nikuoneshe kaburi.

Langu lilikuwa tamasha la nyama na muziki hapa Arusha, Jumamosi moja ya Novemba. Jina naliacha, wenyewe bado wapo mjini na mimi bado nataka kula nyama. Waandaaji walinipa makadirio ya watu 400. Nikatia kwenye kanuni ya Yamane, ile ya kukadiria uhoji watu wangapi, kosa la asilimia 5: 400 gawanya kwa 1 jumlisha 400 mara 0.0025, ikatoka 200 kamili bila hata desimali. Nilijiona profesa. Nakala 200, kila moja kurasa nne, shilingi mia kwa ukurasa. Elfu themanini ya bumu, hela ya mkopo wa chuo, ikalala steshenari.

Siku yenyewe nikafika getini na boksi langu. Mlinzi hakuwa mkali hata kidogo. Akachukua dodoso moja, akasoma mpaka ukurasa wa pili huku midomo ikicheza, akanirudishia: "Kijana, huu ni mtihani. Watu wamekuja kula. Barua iko wapi?"

Barua haikuwepo. Chuo hakitoi barua ya utambulisho kabla andiko halijapita, na andiko lilikuwa mezani kwa msimamizi wangu, wiki ya tano. Kila nikienda ananiambia, "Usiwe na presha, tukio likipita washiriki si bado wapo mjini? Utawapata tu." Mtu mwenye shahada tatu! Ameoa, amelea, amefundisha matukio miaka yote hiyo, na hajui kwamba tukio likiisha limeisha. Nikikutana naye Kaloleni leo nitamwamkia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, halafu nitamdai elfu themanini yangu.

Huyo ndiye wa kwanza aliyenizika; wa pili ni meneja wa lile tamasha. Aliniahidi kwa mdomo orodha ya namba za simu za walionunua tiketi. Njoo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu nne. Ya tano akanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwamba namba za wateja haziwezi kutolewa kwa mtu wa nje. Na alikuwa sahihi, ndicho kinachouma. Angeisema ile sheria siku ya kwanza ningemwomba awatumie kiungo cha dodoso yeye mwenyewe, mimi nisiione hata namba moja.

Basi Februari nzima nikawa nazunguka saluni, vijiweni, magrupu ya WhatsApp: "samahani, ulikwenda lile tamasha?" Nikapata madodoso 37. Jamaa wa steshenari akataka elfu hamsini anipikie majibu ya uongo kwenye yaliyobaki. Nikakataa. Si kwa uchaji Mungu, sikuwa na hiyo hamsini.

Siku ya kutetea, mtahini akafika kwenye swali la 17, kuridhika na maegesho. Watu 29 kati ya 37 walikuwa "nimeridhika sana". Akavua miwani.

"Ulikuwepo siku hiyo?"

Nikasema nilikuwepo. Getini, lakini nilikuwepo.

"Mimi nilikuwa ndani. Maegesho yalifungwa saa kumi kwa sababu ya tope. Gari nililiacha nyumbani kwa watu."

Nyuma mtu akakohoa. Mimi nikatazama feni. Unaona, baada ya miezi mitatu mtu hakumbuki maegesho wala foleni ya choo. Anakumbuka kwamba alifurahi, basi anakuwekea vema kila mahali. Nikarudishwa kukusanya data upya, mahafali yakanipita, na mama na mashangazi walishashona vitenge vya sare. Walivivaa kwenye harusi ya binamu. Mpaka leo nguo ile inaitwa "mahafali".

Kwa hiyo sikia: shika siku ya tukio kwanza, hesabu kurudi nyuma. Barua ya chuo, kibali cha waandaaji chenye saini na muhuri, jaribio la dodoso kwa watu kumi na tano hivi, vyote viishe kabla geti halijafunguliwa. Kwa mbio za Februari, andiko lilitakiwa liwe limepita Novemba. Tena unasema utatumia SERVQUAL, ile skeli ya kupima ubora wa huduma. Ile ya 1988 ina maswali 22 ya matarajio na 22 ya alichokipata. Matarajio yanaulizwa kabla, kwenye foleni ya kuchukua namba, watu wamesimama hawana kazi. Mtu akishamaliza kilomita 42 atakwambia alitarajia kila kitu.

Umeshachelewa, badilisha tukio. Maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, yanachukua siku kadhaa, ukifukuzwa leo unarudi kesho, ila ni Agosti, angalia ratiba ya chuo chako. Mimi ningeenda kwenye harusi. Kwaresima ikiisha tu, Moshi na Arusha ni kila Jumamosi: ukikosa ndafu ya wiki hii, ijayo kuna mbuzi mwingine. Na kamati za harusi zina mihtasari, bajeti, orodha ya walioahidi na waliolipa. Data imeandikwa tayari na mwekahazina mkali kuliko mtahini. Mwombe tu ayafute majina kwanza.

SPSS na Excel watakujibu wengine, mimi zile 37 nilihesabu kwa vidole. Nakala tupu 163 bado ninazo chini ya kitanda, watoto wa dada wanachorea ng'ombe upande wa nyuma.