Maswali ya Wasomaji: Chemshabongo Nyumbani na Darasani

Barua nilizozichagua kwa toleo hili zinahusu chemshabongo za hisabati na mantiki, na iwapo kweli zinamfunza mtoto kutatua matatizo. Nimezifupisha kidogo bila kugusa maana yake.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Umoja. Mwanangu wa kiume yuko Gredi ya 4. Nilimnunulia kitabu cha chemshabongo kwa kuwa niliambiwa zinanoa akili. Mwanzoni alikipenda, lakini siku hizi akikwama kidogo tu hufungua kurasa za nyuma zenye majibu, au huniletea mimi nimfanyie. Je, niendelee kumhimiza? Na alama zake za hisabati zitapanda? — Mama wa Gredi ya 4, Umoja

Mama, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalowauzia wazazi wengi vitabu hivyo. Asiwepo mtu wa kukuahidi kwamba alama zitapanda. Nchini Uingereza lilifanywa jaribio katika shule 100 za msingi, ambapo baadhi ya shule ziliwafundisha watoto sataranji na nyingine hazikuwafundisha; matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, mwaka mmoja baada ya mafunzo kumalizika, waliofundishwa hawakuwapita wenzao katika hisabati. Sataranji si kitabu cha chemshabongo, nakubali, lakini jaribio hilo linatutahadharisha kuhusu jambo ambalo walimu hulishuhudia kila mara: mtoto huwa hodari katika kile anachokizoea, na uhodari huo hauvuki wenyewe kwenda kwenye somo jingine mpaka apatikane mtu wa kumvusha. Mtu huyo ni wewe, na huhitaji kuwa mtaalamu.

Chukua swali hili, ambalo bila shaka limo katika kitabu chenu kwa sura moja au nyingine. Mfugaji ana kuku na mbuzi. Vichwa vyote ni 20 na miguu yote ni 56. Kuku ni wangapi? Mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuchora viduara 20, akakipa kila kimoja miguu miwili, akaona kwamba ametumia miguu 40 na imebaki 16, kisha akaigawa hiyo iliyobaki miwili miwili mpaka iishe. Viduara vinane vitakuwa na miguu minne. Basi mbuzi ni 8 na kuku ni 12. Mtoto mwingine atakisia: kuku 10 na mbuzi 10 ni miguu 60, imezidi minne, kwa hiyo atabadilisha mbuzi wawili wawe kuku na kufika palepale. Dada yake aliye sekondari ataandika milinganyo miwili. Katika shule zetu yule wa pili huambiwa kwamba anabahatisha, na mimi naona anaonewa, kwa maana anayekisia kisha akaitumia tofauti aliyoipata kusahihisha kisio lake anafanya hisabati halisi.

Sasa, kazi yako inaanza pale jibu linapopatikana. George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, aliigawa kazi ya kutatua swali katika hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kurudi nyuma kuikagua. Hatua ya nne ndiyo tunayoiacha, kwa kuwa jibu likishapatikana kitabu hufungwa na mtoto huenda kucheza. Mwulize kwanza amejuaje kwamba amepata. Kisha mwulize ingekuwaje kama miguu ingekuwa 55. Atajaribu, atahangaika, na huenda akagundua peke yake kwamba haiwezekani, kwa sababu kila mnyama huleta miguu ya idadi shufwa. Ugunduzi huo una thamani kuliko kurasa kumi za maswali yaliyojibiwa sawasawa.

Kuhusu kurasa za majibu, zibane kwa stepla au uzikate uziweke kabatini. Usimgombeze kwa jambo ambalo hata watu wazima hulifanya. Akikuletea swali umfanyie, usiishike penseli. Mwulize swali linataka nini, kwa maneno yake mwenyewe, na utashangaa ni mara ngapi hajalisoma lote. Mwulize amejaribu nini hadi sasa. Akiwa bado amekwama, mpunguzieni swali namba zake: vichwa 3 na miguu 8. Akilitatua hilo, na atalitatua, mwambie arudi kwenye lile kubwa kwa njia ileile. Ikiwa amechoka kweli, swali lilale mpaka kesho bila lawama. Lakini ikiwa anakwama katika karibu kila ukurasa, basi kitabu ni kigumu kwa umri wake na ni afadhali mtafute chepesi zaidi.

Mwalimu, mimi ni fundi seremala, naishi Kayole na kufanya kazi Gikomba. Niliishia darasa la saba. Binti yangu wa Gredi ya 6 anapenda sana mafumbo ya hesabu, ila sina pesa za vitabu, na simu yangu si ya kisasa. Nitamsaidiaje mtu aliyeanza kunishinda? — Fundi, Kayole

Fundi, una karakana nzima ya maswali, huenda kuliko aliyeandika kitabu. Mwulize binti yako hivi: mbao ya futi 10 ikikatwa vipande vya futi mbili mbili, msumeno utapita mara ngapi? Watoto wengi husema mara tano, kwa kuwa vipande ni vitano. Wewe unajua ni mara nne. Usimwambie, mpe kijiti na kisu akate mwenyewe. Akishaelewa, mwulize kuhusu ua ulionyooka wa mita 10 wenye nguzo kila baada ya mita 2, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo nguzo ni 6. Swali la kwanza lilikuwa la kupunguza moja na la pili ni la kuongeza moja, lakini wazo ni lilelile, na binti akiliona hilo bila kuambiwa amevuka ule mto niliomweleza mama wa Umoja. Mwulize pia ua ukizunguka shamba na kurudi ulikoanzia nguzo huwa ngapi. Hilo nakuachieni.

Sarafu nazo hazigharimu kitu, maana zinarudi mfukoni. Kwa sarafu za shilingi 1, 5 na 10 pekee, shilingi 20 zinaweza kupatikana kwa njia ngapi? Ziko 9. Jambo la kuangalia si kama atafika kwenye 9, bali ni kama anazipanga kwa utaratibu: kwanza njia zenye sarafu mbili za kumi, halafu zenye moja, halafu zisizo na hata moja. Mtoto anayeziokota ovyo hawezi kukuhakikishia kwamba hakuna aliyoiacha.

Na kwa kuwa mkono wako ni wa mbao, mchongee ubao wa bao, ule ambao Waluo huuita ajua na Wakikuyu giuthi. Mchezaji hulazimika kuhesabu kichwani kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajaanza kusambaza, na kufikiria mwenzake atajibu vipi. Binti akikushinda, mwambie akueleze amekushindaje. Elimu ya darasa la saba inatosha kabisa kwa kusikiliza maelezo hayo na kusema, hapo sijaelewa, rudia.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka 4 na bado hajui kuandika namba. Je, ni mapema mno? — Nyanya, Dagoretti

Shikamoo, Nyanya. Si mapema, mradi asikalishwe mezani. Apange vifuniko vya chupa kwa rangi, nyekundu, buluu, nyekundu, buluu, kisha aseme kinachofuata. Atenge maharagwe makubwa na madogo, nawe uweke moja katika kundi lisilo lake umwache alitafute. Akichoka, mwache aende zake.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha hisabati Kariobangi katika darasa la wanafunzi zaidi ya 60. Nikitoa chemshabongo, watatu wale wale hupiga kelele za jibu na wengine hunyamaza. Nifanyeje? — Mwalimu, Kariobangi

Mwalimu, kufikiri kwa kina na utatuzi wa matatizo ni miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi katika mtaala wetu, lakini haujengeki pale ambapo jibu moja fupi linaweza kurushwa kutoka dawati la mbele. Yametupata haya katika vitendawili pia: mtoto hujibu "yai" kabla hujamaliza kusema nyumba yangu haina mlango, kwa kuwa amelikariri. Basi chagua maswali ambayo jibu lake haliwezi kupigiwa kelele.

Mraba wa vyumba tisa unakufaa. Wanafunzi wapange namba 1 hadi 9, kila namba mara moja, ili kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama na kila mshazari utoe jumla moja. Waweke katika makundi ya wanne, kila kundi na karatasi moja, na utangaze mapema kwamba atakayeeleza ubaoni utamchagua wewe. Mchague aliye kimya. Wale watatu wenye kelele watagundua haraka kwamba hawana budi kuwafundisha wenzao, na hilo litawasaidia wao pia.

Yatakayotokea ni haya. Makundi mengi yatajaribu ovyo kwa muda, yaache. Kisha uliza jumla ya namba zote tisa ni ngapi. Ni 45, na kwa kuwa safu za kulala ni tatu zenye jumla sawa, kila moja ni lazima iwe 15. Kuanzia hapo kazi huenda mbio, na karibu kila kundi litakuta 5 iko katikati. Wenye kasi wape swali gumu zaidi: kwa nini ni lazima iwe 5? Njia yake ni kuhesabu mistari minne inayopita katikati. Jumla yake ni 60, na ndani yake kila namba imehesabiwa mara moja isipokuwa ile ya katikati iliyohesabiwa mara nne, yaani mara tatu zaidi. Ukiondoa 45 inabaki 15, na 15 ukigawa kwa 3 ni 5. Wakati hao wanahangaika na hilo utapata nafasi ya kuzunguka kwenye madawati ya nyuma.