Gari la miezi michache: lipandishe mlima kabla ya kulilipia

Swali la wiki la gazeti hili liliuliza kama mtu anayehitaji gari kwa miezi michache tu anafanya vema kununua la bei ndogo lililokwisha kutembea kilomita nyingi, na alichague kwa kuangalia nini. Naandika kutoka Mbeya, ambako watu wa namna hiyo ni wengi: mtumishi mwenye mkataba mfupi, mtafiti wa mradi usiofika mwaka, mnunuzi wa parachichi anayezunguka vijiji vya Rungwe na Njombe kwa msimu mmoja. Jibu langu ni kwamba anunue bila hofu, mradi gari hilo liwe limejaribiwa mlimani kabla fedha hazijatoka mfukoni, na liwe na nyaraka zitakazomwezesha kuliuza haraka siku atakapohama.

Kilomita zenyewe huwatisha watu kupita kiasi. Namba za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo mnunuzi makini hutazama pia raba ya pedali ya breki iliyolika, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea. Hata namba zikiwa za kweli, gari lenye kilomita 250,000 zilizotokana na safari ndefu za Mbeya na Dar es Salaam, ambazo kila moja inazidi kilomita 800 na injini hukaa kwenye joto lake la kawaida kwa saa nyingi, linaweza kuwa zima kuliko lenye kilomita 130,000 za teksi ya mjini, inayowashwa na kuzimwa kutwa nzima. Mtu atakayeongeza kilomita 10,000 tu juu ya hizo anapaswa kuuliza zaidi kama oili ilibadilishwa kwa wakati, na kama injini bado inapozwa ipasavyo.

Suala la kupoza injini lina uzito wa pekee huku kwetu. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mgandamizo unaohifadhiwa na mfuniko wake. Mfuniko ukichoka, gari litazunguka mitaa ya mjini kama Kabwe na Soweto bila kulalamika, kisha litachemsha likiwa katikati ya mlima na abiria wanne ndani. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya sehemu ya juu na ya chini ya injini, ikiungua, gari la bei ndogo limekwisha kuwa gari ghali. Fungua mfuniko huo injini ikiwa baridi kabisa, kamwe isiwe ya moto, na utazame kilichomo: kulanti safi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi yake ni dalili njema, maji mekundu kwa kutu yanaonyesha kuwa mwenye gari alitumia ya bomba miaka yote, na utando wa mafuta juu ya maji ni sababu ya kuaga na kuondoka. Niongeze hapa kwamba ukungu mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili, katika baridi yetu, huweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi. Kijiti cha kupimia oili ndicho kitakachosema kweli, kwani oili yenyewe ikifanana na maziwa basi maji yameingia ndani ya injini.

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ufike asubuhi. Baridi ya Juni na Julai humsaidia mnunuzi sana, maana betri dhaifu na injini inayokula oili hujulikana papo hapo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto ni maji. Kisha mpeleke fundi wako, wala si wa muuzaji, pamoja na gari kwenye barabara ya Chunya, inayopanda mlima. Walio Iringa wanaweza kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini, na kurudia. Baadhi ya magari madogo hayana mshale wa joto bali taa tu, hivyo ni vizuri fundi achomeke mashine ya kupimia na kusoma joto lenyewe wakati wa kupanda. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo gari la cc 1,000 kupanda kwa shida si ugonjwa. Injini kulia huku mwendo hauongezeki, gia za otomatiki zikiteleza, huo ndio ugonjwa. Wakati wa kushuka, weka gia ndogo na usikilize breki: pedali isizame, usukani usitetemeke. Anayeujua mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi anaelewa kwa nini kwenye breki sikubali punguzo lolote la bei liwe fidia.

Kuhusu aina, ningechukua Toyota Corolla 110 au Carina Ti yenye injini ya 5A, ama IST au Probox yenye 1NZ, kwa kuwa spea zake zinapatikana hapa mjini, Mwanjelwa, na mafundi wanazifahamu. 5A hutumia mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake, nao unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Usipoonyeshwa risiti, hesabu kuwa haujabadilishwa. 1NZ ina cheni badala ya mkanda huo, nayo hugonga ikiwa oili ilipuuzwa. Rangi iliyopauka na bodi yenye makovu visikusumbue. Kiyoyozi kibovu hakina hasara kubwa penye baridi kama Makete, ila feni ya kupuliza joto kwenye kioo cha mbele iwe inafanya kazi, maana ukungu wa njia ya Tukuyu hauna huruma.

Wengi wanaonunua kwa muda mfupi huona uhamisho wa umiliki ni usumbufu, wakabaki na kadi ya usajili wa gari yenye jina la mtu mwingine. Nawasihi wasifanye hivyo. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi halisi, hasa kwa kuwa magari mengi ya zamani yamebadilishwa injini. Faini za barabarani na madeni ya maegesho yakaguliwe kwa namba ya gari. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho ukamilishwe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hata bima, ambayo ni ya lazima kisheria, inapaswa kuwa kwa jina la anayelimiliki gari.

Siku ya kuuza itafika upesi. Anza kutangaza angalau mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha, na usitumie fedha kwenye rangi mpya wala rimu, kwani hazirudi. Tairi nzuri, bima iliyobakiza miezi kadhaa, risiti za oili na kadi yenye jina lako ndivyo mnunuzi wa Mbeya atakavyokubali kuvilipia.